Ijue protini inayoamua kuzaliwa kwa kongosho

Na DAKTARI WETU

Mwambie mtu yeyote wa mjini akuonyeshe moyo wake ulipo, naye ataweka mkono kifuani bila kusita. Mwambie akuonyeshe kongosho, na huenda akakuuliza kama hilo ni jina jingine la bandama. Kiungo hiki hakitajwi nyumbani wala kazini mpaka siku kinapoharibika. Kikiharibika, huleta maradhi mazito: kisukari, kuvimba kwa kongosho, na saratani ambayo ni miongoni mwa zile kali kuliko zote. Mwaka 2022 pekee, watu zaidi ya 510,000 duniani walipatikana na saratani ya kongosho, na zaidi ya 460,000 walikufa kutokana nayo. Ukilinganisha tarakimu hizo mbili, utaelewa kwa nini madaktari huitaja kwa sauti ya chini.

Katika somo la wiki hii tutaangalia protini moja ambayo kazi yake ni kupeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine. Tutaona jinsi inavyolazimika kunyamaza ili kongosho lizaliwe, jinsi inavyosikika tena kongosho likiumia au likishikwa na saratani, na yaliyowapata wagonjwa pale wataalamu walipojaribu kuizima kwa dawa.

Kongosho ni nini?

Kongosho ni tezi yenye urefu wa karibu sentimita 15, iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na mpindo wa kwanza wa utumbo mdogo, na mkia wake unaelekea upande wa kushoto kwenye bandama. Mfereji wa nyongo unaotoka kwenye ini hupita karibu na kichwa hicho. Kumbuka jambo hilo, kwani tutalirudia tukifikia dalili.

Tezi hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maji ya kusagia chakula, kiasi cha lita moja na nusu hivi kwa siku, ambayo humwagwa ndani ya utumbo. Ya pili ni kutengeneza homoni, na iliyo maarufu zaidi ni insulini, inayoruhusu sukari itoke kwenye damu na kuingia katika seli. Homoni hizo hutoka katika vikundi vidogo vya seli vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans aliyevieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin. Kongosho la mtu mzima lina visiwa kama hivyo vipatavyo milioni moja, lakini vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo tu ya tezi nzima.

Seli huzungumzaje?

Binadamu huanza akiwa seli moja. Seli hiyo hugawanyika kuwa mbili, nne, nane, mpaka mabilioni. Takriban kila seli hubeba maagizo yale yale ya urithi, yaani jeni. Sasa, seli ya ini ilijuaje kuwa ni ya ini, na ya kongosho ikajuaje kuwa ni ya kongosho? Jibu ni kwamba seli hupashana habari. Seli moja hutoa protini, protini hiyo hufika kwa jirani, na jirani huwasha au huzima baadhi ya jeni zake kulingana na ujumbe alioupata.

Protini tunayoizungumzia hufanya kazi hivi. Ichukulie seli kuwa ofisi. Mlangoni pana soja, na nyuma yake pana tarishi anayetaka kupeleka amri kwa mkubwa, yaani kwenye kiini cha seli mlimo na jeni. Kwa kawaida soja humzuia tarishi asiende popote. Ujumbe ukifika kutoka nje, humshika soja na kumwondoa kazini. Tarishi hupata nafasi, amri hufika kwa mkubwa, na jeni fulani huwashwa. Ujumbe usipofika, soja huendelea kuzuia na ofisi hukaa kimya.

Utaona kwamba mpango huu unaweza kuharibika kwa njia mbili. Ujumbe unaweza kuletwa mahali au wakati usiofaa. Au soja mwenyewe anaweza kuwa na kasoro, tarishi akawa anakimbia na amri ambazo hakuna aliyezituma.

Jina lililotoka kwa mnyama

Mwaka 1980, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliokuwa wakifanya utafiti Heidelberg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu nzi wa matunda. Walikuwa wakiharibu jeni za nzi hao na kutazama mabuu yatatokea vipi. Jeni moja ilipoharibika, buu lilitokea fupi na kujaa vijiba kila mahali, likafanana na kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba anayejikunja kama mpira akishtuliwa, na ambaye wengi wetu humchanganya na nungunungu. Jeni hiyo ikapewa jina la mnyama huyo. Kwa kazi yao, wawili hao pamoja na Edward Lewis walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Mwaka 1993 ilibainika kwamba wanyama wenye uti wa mgongo, binadamu akiwemo, wana protini tatu za ukoo huo. Mbili zilipewa majina ya aina za kalunguyeye walioko duniani. Ya tatu, iliyo muhimu zaidi, iliitwa Sonic hedgehog kwa jina la mhusika wa mchezo wa video uliopendwa na watoto wakati huo. Hapa tutaiita protini ya kalunguyeye.

Kazi zake mtoto akiwa tumboni ni nyingi. Husaidia kuugawa ubongo katika nusu mbili, kuyatenganisha macho, na kuvipanga vidole ili cha gumba kiwe upande wake na cha mwisho upande wake. Athari za kuikosa zilionekana hata kabla ya protini yenyewe kujulikana. Katika miaka ya 1950, wafugaji wa kondoo katika jimbo la Idaho, Marekani, walishangaa kuona wana-kondoo wakizaliwa na jicho moja katikati ya uso. Uchunguzi ulionyesha kwamba kondoo jike walikuwa wamekula mmea fulani wa mwituni siku ya 14 ya mimba. Mama hakuonekana kudhurika sana, lakini mtoto aliharibika. Sumu iliyomo katika mmea huo iliitwa saiklopamini. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba sumu hiyo huizuia protini ya kalunguyeye kufanya kazi yake.

Sharti inyamaze

Sasa turudi kwenye kongosho. Karibu wiki ya nne baada ya mimba kutunga, njia ya chakula ya mtoto ni bomba jembamba tu. Sehemu kubwa ya ukuta wa bomba hilo hutoa protini ya kalunguyeye, na protini hiyo huuelekeza uwe ukuta wa utumbo. Lakini zipo sehemu ambazo hukaa kimya kabisa, nazo ndizo zinazochipuka na kuwa kongosho. Chipukizi moja hutokea upande wa mgongo, na jingine upande wa tumbo. Baadaye hili la pili huzunguka kulifuata la kwanza, na mnamo wiki ya saba au ya nane huwa yameungana kuwa tezi moja.

Ni nani anayeliamuru bomba linyamaze mahali hapo? Kwa upande wa mgongo, ni kamba laini inayotangulia uti wa mgongo, ambayo kwa muda mfupi hugusana na bomba la chakula. Kamba hiyo hutoa kemikali zake, na mahali ilipogusa, protini ya kalunguyeye huzimika. Mwaka 1998, Douglas Melton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walilionyesha jambo hili katika viinitete vya kuku. Walipoiondoa kamba hiyo, protini ilisikika mahali isipotakiwa, na jeni za kongosho hazikuwaka. Katika majaribio mengine ya mwaka huo huo walitumia ile sumu ya kondoo wa Idaho. Walipowapa vifaranga saiklopamini wakiwa bado ndani ya yai, vipande vya kongosho vilichipuka hata kwenye tumbo na utumbo, mahali ambapo kongosho halina haki ya kuwepo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Umeå, Sweden, walikuwa wamefanya kinyume chake. Waliwalazimisha panya kutoa protini hiyo pale kongosho linapoanza. Badala ya kongosho la kawaida, tishu za mahali hapo zilianza kufanana na za utumbo. Ikawa wazi kwamba protini ya kalunguyeye ikisema, panakuwa utumbo. Ikinyamaza, panakuwa kongosho.

Hata hivyo, kunyamaza kupita kiasi nako kuna hasara. Panya waliokosa protini mojawapo ya ukoo huu walizaliwa na kongosho lililouzunguka utumbo kama pete. Hali ya pete hutokea kwa binadamu pia, ingawa si mara nyingi, na huonekana zaidi kwa watoto wenye ugonjwa wa Down. Mtoto mchanga hutapika kila anaponyonya kwa sababu utumbo umebanwa. Mama akiona hivyo asingoje wala kubadilisha maziwa. Ampeleke mtoto hospitalini siku hiyo hiyo, kwani dawa yake ni upasuaji.

Tumaini kwa wenye kisukari

Huenda unauliza: haya ya vifaranga yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziua seli zinazotengeneza insulini, na mgonjwa hulazimika kujidunga maisha yake yote. Melton mwenyewe alianza kulifuatilia kongosho baada ya mtoto wake kupatikana na ugonjwa huo. Alitaka kujua seli za insulini hutengenezwaje tumboni mwa mama, ili zitengenezwe vivyo hivyo katika maabara.

Ili seli changa za binadamu zigeuzwe kuwa za kongosho, zinapaswa kupitishwa katika hatua zile zile za mimba, ikiwemo ile ya kunyamaza. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani waliofaulu kupata seli zenye insulini kwa njia hii walitumia jamii ya saiklopamini kuizima protini ya kalunguyeye. Mwaka 2014 maabara ya Melton ilitangaza njia bora zaidi, nayo pia ilikuwa na kemikali ya kuizima. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza waliotiwa dozi kamili ya seli zilizotengenezwa maabara. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuwa wakihitaji insulini tena.

Lakini wagonjwa hao hulazimika kumeza dawa za kutuliza kinga ya mwili ili isiziue seli mpya, na dawa hizo huweza kuyafungulia mlango maradhi mengine. Kwa hiyo mwenye kisukari asiache sindano zake kwa kusikia habari hizi.

Sauti inaporudi

Katika kongosho la mtu mzima mwenye afya, protini ya kalunguyeye husikika kidogo sana. Kongosho likiumia, mambo hubadilika. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kongosho la panya lililovimba huiita tena protini hiyo, na kwamba ikizuiliwa, seli zilizoharibika hazirudi katika hali yake sawasawa. Yaani wakati wa ukarabati, protini ni fundi anayehitajika.

Shida ni fundi asiyeondoka. Mwaka 2003, vikundi viwili vya watafiti, kimoja cha Boston na kingine cha Baltimore, vilitangaza kwamba protini hii hupatikana kwa wingi katika saratani ya kongosho, na hata katika mabadiliko ya awali kabla ya saratani kukomaa. Katika panya waliopandikizwa saratani ya binadamu, saiklopamini ilipunguza ukuaji wa baadhi ya uvimbe. Matumaini yalikuwa makubwa. Ikiwa saratani inaitegemea sauti hiyo, si tuinyamazishe tu?

Mwaka 2009 tumaini liliongezeka. Uvimbe wa saratani ya kongosho huwa mgumu kwa sababu seli za saratani zimezungukwa na tishu nene kama kovu, na dawa hupenya kwa shida. Ilikuwa imegundulika kwamba seli za saratani hutuma protini ya kalunguyeye kwa tishu hiyo jirani, nayo hustawi. Panya walipopewa dawa ya kuizuia protini pamoja na dawa ya saratani iitwayo jemsitabini, ukuta huo ulipungua, mishipa ya damu ikaongezeka, na muda wao wa kuishi ulipanda kutoka wastani wa siku 11 hadi siku 25.

Dawa hiyo, saridegibu, ikajaribiwa kwa wagonjwa wenye saratani iliyosambaa. Baadhi walipewa saridegibu na jemsitabini, wengine jemsitabini na kidonge kisicho na dawa. Mwezi Januari 2012 majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati wake. Wagonjwa waliopewa dawa mpya walikuwa wakifa mapema kuliko wenzao.

Ni nini kilichotokea? Jibu la sehemu lilipatikana mwaka 2014. Watafiti waliwachukua panya wenye saratani ya kongosho na kuiondoa kabisa protini ya kalunguyeye katika seli za saratani. Uvimbe ulikuwa na tishu chache za kovu kama ilivyotarajiwa, lakini ulikuwa mkali zaidi, ulipata damu nyingi zaidi, na panya walikufa mapema. Ukuta ule ambao watu waliudhani kuwa ngome ya adui ulikuwa pia boma linalomzuia adui asitoke.

Linganisha na saratani moja ya ngozi ambayo aghalabu soja wa mlangoni ndiye mwenye kasoro, na tarishi hukimbia bila kutumwa. Huko dawa ya kumzuia tarishi, vismodegibu, ilifaulu na kuidhinishwa Marekani mwaka 2012, mwaka ule ule ambao ile nyingine ilishindwa kwenye kongosho. Protini ni zile zile, ila ugonjwa ni tofauti. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ana dawa moja inayoua saratani zote, iwe ya kopo au ya mizizi, mwulize ni saratani ya kiungo gani, ilijaribiwa kwa nani, na wangapi walipona.

Dalili usizozipuuza

Kipimo cha damu cha protini hii hakitumiki kuitafuta saratani, basi usikubali kuuziwa. Unachoweza kufanya ni kuzijua dalili na kufika hospitalini mapema. Nazo ni hizi:

1. Macho na ngozi kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, choo kuwa cheupe, na mwili kuwasha. Hii ni kwa sababu uvimbe kwenye kichwa cha kongosho hubana ule mfereji wa nyongo tulioutaja. Manjano yasiyo na maumivu ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi.

2. Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni, yanayozidi ukilala chali na kupungua ukiinama mbele. Wengi hunywa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi wakidhani ni asidi. Ikiwa umetumia dawa hizo kwa wiki kadha bila nafuu, rudi kwa daktari.

3. Kupungua uzito bila sababu, pamoja na kukosa hamu ya chakula.

4. Kisukari kinachoanza ghafla baada ya umri wa miaka 50 kwa mtu anayekonda. Si kila kisukari ni dalili ya saratani, tena kilicho kingi si hivyo. Lakini mgonjwa wa namna hii anastahili kuchunguzwa kongosho lake.

5. Choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka kupita kawaida, kwa sababu chakula hakisagwi vizuri.

Daktari akishuku, ataagiza vipimo vya damu na picha ya mawimbi ya sauti, kisha picha ya CT. Saratani ikikutwa bado ndogo na haijasambaa, upasuaji unaweza kumwokoa mgonjwa. Wanaofika mapema hivyo ni wachache, na ndiyo sababu naandika haya.

Kujikinga

Sigara huongeza hatari ya saratani ya kongosho kwa karibu mara mbili, nayo hatari hupungua mtu akiacha. Unene uliopita kiasi pia huchangia. Ulevi wa miaka mingi huvimbisha kongosho mara kwa mara, na kongosho linalokarabatiwa kila mara liko katika hatari zaidi. Ikiwa ndugu wawili au zaidi wa damu waliugua saratani hii, mweleze daktari wako.

Kwa kina mama waja wazito, kumbukeni kondoo wa Idaho. Mmea unaweza kumwacha mama akiwa mzima na kumharibu mtoto, tena katika wiki za mwanzo ambapo wengine hawajajua hata kama wameshika mimba. Msitumie mitishamba wala dawa ya dukani bila kumwuliza daktari au mkunga.

Wiki ijayo tutajifunza kuhusu mawe ya nyongo, na kwa nini huweza kulivimbisha kongosho usiku mmoja.